Maswali ya Wasomaji: Kazi Iko Ulaya, Mfanyakazi Yuko Moshi

Barua nyingi tulizopokea kutoka Arusha na Moshi zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: mtu anayelipwa na kampuni ya nchi ya mbali kwa kazi anayoifanya kwenye kompyuta, na ambaye anaweza kuifanya akiwa katika mji wowote, aishi wapi, kwa kibali gani na kwa utaratibu gani? Wapo vijana wetu wanaotaka kutoka, na wapo wageni waliokwisha kuja kukaa kwetu kwa namna hiyo hiyo. Nimechagua barua tano. Majina ya walioandika yamehifadhiwa.

Swali: Shikamoo Mshauri. Mimi ni binti wa miaka 27, naishi Rau, Moshi. Natengeneza tovuti na michoro kwa ajili ya kampuni moja ya Berlin, Ujerumani, na malipo yangu yakibadilishwa huwa kama dola 1,700 za Marekani kwa mwezi. Mwajiri hajali niko wapi, ilimradi kazi ifike kwa wakati. Natamani kuishi nje ya nchi kwa mwaka mmoja nikiendelea na kazi hii hii. Marafiki wananitajia Kigali, Mauritius, Lisbon na Tallinn, lakini wazazi wangu wanaogopa. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hofu ya wazazi wako nitaizungumzia, kwa sababu ina msingi, lakini kwanza tutazame sheria, maana hapo ndipo vijana wengi wanapojikwaa. Kampuni iko Berlin na pesa inatoka Berlin, lakini wewe mwenyewe utakuwa umelala, umekula na umefungua kompyuta yako katika mji fulani, na mji huo una sheria zake kuhusu mgeni anayefanya kazi ndani ya mipaka yake. Mwajiri asiyejali uko wapi hatasimama badala yako mbele ya ofisa wa uhamiaji.

Kwa miaka mingi nchi nyingi zilikuwa na madirisha mawili tu kwa mgeni wa aina yako: la mtalii, ambaye hapaswi kufanya kazi, na la mwajiriwa aliyeletwa na kampuni ya hapo hapo. Mtu anayefanya kazi ya mwajiri wa nchi nyingine hakuwa na pa kupangia foleni. Janga la UVIKO-19 lilipofunga ofisi na kukausha mapato ya utalii, baadhi ya nchi zikafungua dirisha la tatu. Barbados na Estonia zilianza katikati ya mwaka 2020, Mauritius ikafuata kabla ya mwaka huo kwisha, Namibia na Ureno zikajiunga mwaka 2022, na jirani zetu wa Kenya wakatangaza kibali chao mwaka 2024. Masharti yanatofautiana, lakini kiini chake hakibadiliki: kipato chako kitoke nje ya nchi unayoingia, kifikie kiwango kilichowekwa, uwe na bima ya afya, na usichukue ajira ya wenyeji.

Sasa tuupime mshahara wako. Estonia ilipoanza ilidai kipato cha yuro 3,504 kwa mwezi kabla ya kodi, na baadaye ikakipandisha hadi yuro 4,500, kwa hiyo Tallinn, mji mkuu wa Estonia, iweke kando. Ureno hudai kipato kisichopungua mara nne ya kima cha chini cha mshahara wa nchi hiyo. Mwaka 2025 kima hicho kilikuwa yuro 870, kwa hiyo mwombaji alipaswa kuonyesha yuro 3,480, na Lisbon nayo bado iko mbali nawe. Sikuambii haya ili kukuvunja moyo. Nakuambia ili usije ukamlipa mtu anayejiita wakala, ambaye atachukua pesa zako kwa ombi ambalo lingekataliwa kwenye ukurasa wa kwanza.

Mauritius inakufaa zaidi. Kibali chake kwa watu wa kazi yako hakina ada, hutolewa kwa muda usiozidi mwaka mmoja na kinaweza kuongezwa, na kiwango cha kipato ni dola 1,500 kwa mwezi. Umevuka kiwango hicho, lakini kwa dola 200 tu, na hapo ndipo nakuomba uwe mwangalifu. Mapato ya kazi za michoro hupanda na kushuka. Ukiwa na miezi miwili ya dola 1,300 katika taarifa yako ya benki, ofisa ataiona hiyo miezi miwili kabla hajauona wastani. Kusanya taarifa za miezi sita mfululizo ambamo kila ingizo linaonyesha jina la kampuni iliyolipa. Omba pia barua ya kampuni yenye sentensi inayosema wazi kwamba unaruhusiwa kufanya kazi hiyo ukiwa Mauritius, kwa muda uliotajwa kwa tarehe. Sentensi hiyo ni ya lazima kwako pia, kwa kuwa kampuni za Ulaya zina wajibu mzito wa kisheria juu ya taarifa binafsi za wateja wao, na meneja anayesema kwa mdomo kwamba hajali uko wapi anaweza kubadilishwa kesho na mwingine anayejali sana.

Kigali ni habari nyingine, na kwa maoni yangu ndiko pa kuanzia. Wewe ni raia wa nchi mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo makao makuu yake yako hapo Arusha. Unaingia Rwanda bila viza na unaweza kupewa hadi miezi sita ya kukaa. Saa ya Kigali iko nyuma ya saa ya Moshi kwa saa moja, hivyo majira ya kiangazi cha Ulaya utakuwa na saa ile ile ya Berlin. Jambo likiharibika, unapanda basi kupitia Rusumo na kurudi nyumbani, bila kusubiri mtu akutumie nauli ya ndege. Ila usichanganye ruhusa ya kuingia na kibali cha ukaazi. Ukiona miezi sita haitoshi, au ukitaka kukodi nyumba kwa mkataba mrefu, nenda ofisi ya uhamiaji ya huko mapema ukaeleze kazi yako kama ilivyo. Ruhusa hiyo ya kuingia na tahadhari yake vinahusu Nairobi vilevile, ila saa yake ni ile ile ya Moshi, ambako kwa mtu wa Moshi njia ya Holili au ya Namanga ni safari ya kutwa moja.

Kuhusu kodi, naomba usome polepole. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inamhesabu mtu kuwa mkaazi wa Tanzania ikiwa ana makazi ya kudumu nchini na amekuwapo hata sehemu tu ya mwaka, au akiwa amekaa nchini siku 183 au zaidi katika mwaka, au ikiwa wastani wa siku zake kwa mwaka huo na miwili iliyotangulia unazidi 122 kwa kila mwaka. Mkaazi, kwa kawaida, hutozwa kodi kwa mapato yake ya popote duniani. Kwa hiyo kazi uliyoifanya Rau ni mapato ya kuonyesha kwa TRA hata kama mlipaji yuko Berlin, na kuondoka kwako Juni na kurudi Desemba hakukuondoi katika daftari. Nchi utakayokwenda nayo itakuwa na hesabu yake ya siku, na nchi nyingi hutumia hiyo hiyo 183. Tanzania ina mikataba ya kuzuia mtu asitozwe mara mbili na nchi chache tu, zikiwamo India, Afrika Kusini, Zambia, Kanada, Italia, Sweden, Norway, Denmark na Finland, Ujerumani haimo. Kama huna TIN, ichukue sasa, ukiwa bado Moshi, na mwone mhasibu mmoja anayeelewa mapato ya nje. Ada yake utailipa mara moja, na malimbikizo ya kodi na riba ungeyalipa kwa miaka.

Zaidi ya hapo, kagua pasipoti yako, kwani nchi nyingi hazimpokei mgeni ambaye pasipoti yake imebakiza chini ya miezi sita. Usihame na akaunti moja tu ya kupokelea pesa, kwa sababu zipo huduma za malipo ya mtandaoni ambazo humruhusu Mtanzania kulipa lakini hazimruhusu kupokea, na akaunti iliyofunguliwa nchi moja inaweza kufungwa ukiitumia ukiwa nyingine. Weka akiba ya nauli ya kurudi mahali ambapo hutaigusa.

Wazazi wako wanaogopa kwa sababu hawaoni ofisi, bosi wala jengo. Mtoto wa jirani akienda kufanya kazi Dodoma, wanajua wizara yake na wanajua pa kuulizia. Wape nao pa kuulizia. Waachie nakala ya mkataba wako, anwani ya nyumba utakayopanga, namba ya mwenye nyumba, na namba ya ubalozi wetu katika nchi hiyo. Waeleze kazi yako kwa kuwaonyesha, ukae nayo sebuleni jioni moja baba yako akitazama jinsi ukurasa unavyojengwa na mteja anavyojibu. Nimeona wazazi wengi wakitulia baada ya kitendo hicho kuliko baada ya maelezo ya mwezi mzima. Na anza kwa miezi mitatu, Kigali au Nairobi, kabla ya mwaka mzima popote pengine. Katika miezi hiyo utajua kama unaweza kuishi peke yako siku nzima bila mtu wa kukusalimia asubuhi, jambo ambalo sisi tuliolelewa katika nyumba zenye watu wengi huwa hatulijui mpaka lituguse.

Swali: Ndugu Mshauri, naishi Sakina, Arusha, nina mke na watoto wawili. Nahudumia wateja wa kampuni ya New York kwa njia ya mtandao. Wanataka niwepo kazini kwa saa zao. Naamka wakati watoto wamekwisha kwenda shule, na wanaporudi mimi ndiyo naanza. Mwezi Machi nilikosa kikao muhimu kwa sababu saa ziliachana bila mimi kujua. Je, maisha haya yana mpangilio?

Jibu: Yana mpangilio, ndugu yangu, na tuanze na kikao ulichokikosa, kwa sababu kitakosekana tena usipojua sababu yake. Sisi saa zetu hazisogezwi mwaka mzima. Wamarekani husogeza zao mbele kwa saa moja Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa hiyo siku ya kazi ya New York, saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni kwa saa zao, kwako itakuwa saa kumi jioni hadi saa sita usiku kuanzia Machi, na saa kumi na moja jioni hadi saa saba usiku kuanzia Novemba. Ukiwa na wateja wa Ulaya pia, jihadhari zaidi: wao husogeza Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo kila mwaka kuna majuma ambayo Marekani imekwisha kusogea na Ulaya bado. Andika vikao vyote kwa mtindo wa saa 24, utaje na saa za Afrika Mashariki pembeni, na kalenda ya kompyuta uiweke kwenye saa za Arusha. Kumwandikia Mmarekani kwamba mtakutana saa nne usiku bila kueleza zaidi ni kumpoteza.

Sasa nyumba yako. Usiombe kampuni ikubadilishie saa zote, kwa kuwa watakataa. Omba saa nne za pamoja, kuanzia saa kumi jioni hadi saa mbili usiku, na nyingine nne uzifanye asubuhi kwa kazi zisizohitaji mtu wa upande wa pili: kujibu barua pepe za usiku, kuandaa taarifa, kupanga malalamiko ya wateja. Ukiipeleka hoja hiyo ikiwa na hesabu ya maswali yanayokusubiri kila asubuhi, meneja ataona faida yake mwenyewe: wateja waliouliza usiku wa New York watapata majibu kabla hawajaamka. Wakikubali, utakula chakula cha usiku na familia yako. Wakikataa, basi mkubaliane na mkeo saa moja ya asubuhi ambayo ni ya watoto, uamke uwapeleke shule kisha urudi kulala, na chumba cha kulala kiwe upande usiotazama barabara kuu ya kwenda Nairobi, maana usingizi wa mchana kando ya malori si usingizi.

Nakusihi pia usome mkataba wako tena. Watu wengi wa kazi hizi wameandikwa kuwa wakandarasi huru, si waajiriwa, kwa hiyo hawana likizo ya malipo, hawana malipo ya saa za ziada na hakuna anayewachangia pensheni. NSSF hupokea michango ya waliojiajiri. Mwenye watoto wawili asiache mwaka upite bila kujiandikisha.

Swali: Mimi ni mama mwenye nyumba, Njiro, Arusha. Nina nyumba ndogo uani ambayo nimempangisha kijana wa Kizungu. Hatembelei mbuga wala hapandi mlima. Anashinda na kompyuta mpakato barazani akizungumza na wenzake wa huko kwao. Dalali alimtajia kodi kwa dola. Jirani ananitisha kwamba nitakamatwa. Je, nina kosa?

Jibu: Mama, shikamoo. Tuanze na lililo mikononi mwako, nalo ni dola. Tangu tarehe 28 Machi 2025 kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zinakataza bei za bidhaa na huduma za hapa nchini kutajwa, kutangazwa au kulipwa kwa fedha za kigeni, na pango ni mojawapo. Andika mkataba upya kwa shilingi. Mpangaji abadilishe fedha zake benki au kwenye duka la kubadilishia fedha lenye leseni, nawe umpe risiti. Mapato hayo ya pango yana kodi yake, na ofisi ya TRA itakueleza namna ya kuilipa. Dalali aliyetaja dola hatakuwapo siku utakapoulizwa.

La pili ni la mpangaji mwenyewe, lakini linakugusa kwa kuwa yuko chini ya paa lako. Viza ya kawaida, ile ya dola 50 ambayo wageni wengi huingia nayo kwa siku zisizozidi 90, ni ya matembezi, na haimpi mtu ruhusa ya kufanya kazi. Wageni wengi wa namna yake huamini kwamba kwa kuwa mwajiri yuko nje na hawajachukua nafasi ya Mtanzania, hawafanyi kazi Tanzania. Hayo ni maoni yao, na mwenye kuamua ni Idara ya Uhamiaji. Mwombe kwa upole akuonyeshe pasipoti na viza, uweke nakala, na umwelekeze aende ofisi ya Uhamiaji ya mkoa akaeleze kwa kinywa chake anachofanya na muda anaotaka kukaa. Nawe umpeleke ofisi ya serikali ya mtaa atambulike kama mkaazi mgeni. Hili la pili ni la faida kwake kuliko anavyodhani. Usiku akiugua au akiibiwa, mtu anayejulikana kwa mwenyekiti wa mtaa hupata msaada haraka.

Nina ombi moja la ziada kwako, Mama, ambalo halimo kwenye kanuni. Mweleze maana ya kumsalimia mlinzi, fundi na watoto wa jirani anapopita. Mgeni anayekaa miezi sita Njiro akiwa amefahamiana na mtandao tu huondoka bila kujua alikuwa wapi, na majirani hubaki na minong'ono kama hiyo iliyokufikia.

Swali: Nipo Soweto, Moshi. Umeme ukikatika katikati ya mkutano wa video naonekana mzembe. Ninunue nini kwanza?

Jibu: Usianze na jenereta. Kifaa kinachokuangusha mara nyingi ni ruta, na ruta hula umeme kidogo sana. Nyingi hutumia volti 12. Betri ndogo ya akiba iliyotengenezwa kwa ajili ya ruta huiweka hewani kwa saa kadhaa wakati kompyuta mpakato inaendelea na betri yake yenyewe. Pili, kuwa na laini za mitandao miwili tofauti, na ya pili iwe na bando wakati wote, hata wiki ambayo huitumii. LUKU usisubiri iishe. Weka uniti asubuhi ya siku ya mkutano. Bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kuzalisha umeme mwaka 2024, makali ya mgao wa mwaka uliotangulia yalipungua, lakini nguzo ikianguka Soweto, megawati za Rufiji hazitakufikia.

Kumbuka kwamba laini mbili hazikukingi na kila kitu. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, mitandao mingi ililegea kwa pamoja, na wakati wa uchaguzi mkuu wa Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Mteja wako aambiwe mapema, siku ya amani, kwamba ukinyamaza ghafla kwa siku nzima utampigia simu kwa namba fulani, na kazi ya wiki ijayo iwe tayari imehifadhiwa kwenye kompyuta yako.

Swali: Mshauri, mimi ni mama, nauza mitumba Kiboriloni. Mwanangu wa kiume ana miaka 23, amemaliza chuo na anajua kompyuta vizuri. Amepata kazi kupitia ujumbe wa simu: kuhudumia wateja kwa mtandao akiwa Bangkok, mshahara dola 1,200, tiketi wanalipa wao, chumba na chakula bure. Wamemwambia asafiri ndani ya wiki mbili na kwamba mkataba atasaini akifika. Amefurahi sana. Moyo wangu umekataa, lakini sijui niseme nini, nisije nikamzibia riziki.

Jibu: Dada yangu, moyo wako umeona sawasawa, na nakuomba usimwache asafiri.

Mweleze mwanao hivi, kwa kuwa ni kijana msomi na atalielewa: kazi ya kuhudumia wateja kwa mtandao inafanyika Kiboriloni kama inavyofanyika Bangkok. Kampuni inayoajiri watu kwa mtandao hupenda njia hiyo kwa sababu inaiokolea gharama za tiketi, chumba na chakula. Anayemlipia mtu asiyemjua tiketi ya kuvuka bahari ili akakae mbele ya kompyuta, ambayo angeweza kukaa nayo nyumbani kwa mama yake, hahitaji kazi yake. Anauhitaji mwili wake uwe mahali ambapo hawezi kutoka.

Ninayoyasema si ya kubuni. Ripoti ya Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ya Agosti 2023 ilieleza kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na wengine wapatao 100,000 nchini Kambodia huenda wanashikiliwa na kulazimishwa kuendesha utapeli wa mtandaoni. Wengi walikuwa vijana wenye elimu, wanaojua kompyuta na lugha, na miongoni mwao wamo waliotoka Afrika Mashariki. Njia hujirudia. Kijana hutua Thailand kama mtalii, hupokelewa na gari, husafirishwa kwa saa nyingi hadi mpakani, huvushwa mto usiku na kuingizwa katika maboma yenye walinzi wenye silaha karibu na mji wa Myawaddy, upande wa Myanmar. Pasipoti huchukuliwa. Huamriwa kutapeli watu kwa mapenzi ya uongo na uwekezaji wa uongo, na asiyefikia kiwango hupigwa. Familia hudaiwa maelfu ya dola ili aachiwe. Mwanzoni mwa mwaka 2025 maelfu walitolewa katika maboma hayo, na wengi wao walikaa majuma katika kambi za mpakani wakisubiri namna ya kurudi makwao.

Huzibi riziki, Dada. Kama kazi ni ya kweli, itastahimili maswali. Mwanao awaandikie leo hii akitaka mambo manne: jina kamili la kampuni na namba yake ya usajili, mkataba uliosainiwa kabla ya safari, kibali cha kazi cha Thailand kinachoshughulikiwa na mwajiri, si viza ya utalii, na mwezi mmoja wa majaribio akiwa Moshi, akilipwa nusu ya mshahara. Hilo la nne lina uzito kuliko yote, kwa sababu mwajiri wa kweli wa kazi ya mtandaoni hana sababu ya kulikataa. Wakianza kumharakisha, kumwambia nafasi itachukuliwa na mwingine, au kumtaka asiwaambie wazazi, jibu limekwisha kupatikana.

Usimgombeze kwa kufurahi. Kijana aliyemaliza chuo akakaa nyumbani muda mrefu bila kazi huamini mlango wa kwanza unaofunguka, na ukimkaripia ataondoka kwa siri. Kaa naye, msome ujumbe ule pamoja mstari kwa mstari, kisha muende wote wawili kwenye ofisi ya serikali ya huduma za ajira, mkaulize kama kampuni hiyo inafahamika na kama kuna wakala aliyeruhusiwa kuichukulia watu. Ujumbe wote, namba za simu na nakala ya tiketi vihifadhiwe, visifutwe hata akiamua kubaki, kwa sababu tangu mwaka 2008 tuna sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu, na polisi watavihitaji. Namba iliyomwandikia mwanao haikuandika kwake peke yake. Waulize na wenzake aliomaliza nao chuo, kwa majina, kabla wiki mbili hizo hazijatimia.